Joho la Bwana Harusi

Ijumaa, 1 Agosti 2025

Kundi letu la wasapu la kanda za zamani limewaka moto leo! Kampuni moja ya Ulaya inataka kuisafisha upya ile filamu ya shujaa arukaye, ya mwaka themanini na moja, itoke kwenye diski. Ghassan wa Mombasa, mkusanyaji, hataki kusikia. Anasema diski iliyopita ilisuguliwa mpaka nyuso zikawa laini kama sabuni, na joho jekundu likageuka la machungwa. Haidar, fundi wa redio kule Unguja, anasema tuwape nafasi, safari hii wanatafuta nakala za zamani wapate kulinganisha rangi. Wamevutana tangu asubuhi. Mimi nasoma tu, huku nakunja nguo.

Mwisho nikajitia kuandika: Bwana Harusi alikuwa mwekundu hasa, nakumbuka. Kisha Ghassan — bwana harusi gani tena, dada?

Nimecheka peke yangu! Kumbe ni sisi tu wa Wete. Marehemu baba, Mzee Badar, ndiye aliyeitia Kiswahili filamu ile kwa sauti yake mwenyewe, akiwaonesha watu sebuleni hapa mtaa wa Jadida, sauti ikinaswa mkandani humo humo. Lile vazi la mgongoni akaliita joho. Na joho kwetu huvaa nani, kama si bwana harusi? Tumekua tukijua shujaa yule anaruka kwa sababu kachelewa harusi yake.

Jumapili, 3 Agosti

Mkanda upo! Kwenye bati la biskuti, juu ya kabati la mama. Una koga nyeupe pembeni. Deki yetu ilikufa kabla baba hajafa, kwa hiyo ni miaka haujachezwa.

Nimeupiga picha, nikaituma kundini. Loo, simu haikutulia! Ghassan kasoma urefu ulioandikwa ubavuni. Umezidi dakika nane kuliko nakala zote anazozijua. Anaamini humo mna ile sehemu ya juu ya paa, iliyokatwa, ambayo kampuni inaitafuta na haijaipata popote.

Nikawaambia sauti ya baba imo juu yake. Ghassan akajibu si neno, siku hizi kompyuta humfuta huyo mpiga kelele, abaki na picha safi.

Mpiga kelele! Nimeizima simu. Picha za baba tunazo nne. Sauti ni hiyo tu, na mimi mwenyewe imeshaanza kunitoka masikioni.

Jumatatu, 4 Agosti

Ghassan kaomba radhi, pembeni, si kundini. Nimempokea. Hakujua.

Jioni nikamuuliza mama kama baba alikuwa akitafsiri sawasawa. Bi Tamima huyu! Kacheka mpaka kashika mbavu.

"Babaako Kizungu kakijulia wapi? Akitazama midomo yao, akitunga!"

Miaka arobaini naipenda filamu, kumbe siijui inasema nini.

Alhamisi, 7 Agosti

Haidar anakuja na deki yake kwa boti ya usiku. Kesho Nane Nane, duka lake kafunga. Kanionya: mkanda wa hali ile huenda ukacheza mara moja tu. Mara moja! Nimemwambia mama.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika upesi. Haidar yuko msikitini, Alasiri.

Asubuhi yote kafuta koga kwa kitambaa na spiriti, pole pole. Baada ya sala ya Ijumaa na chakula tukaanza, kompyuta ikinakili. Mama ana mtoto wa jicho, haoni vizuri, lakini kavuta kiti mbele kabisa. Theluji kwenye kioo cha televisheni, mistari. Halafu —

"Assalamu alaikum, karibuni nyote. Viatu nje, tafadhalini."

Baba! Mama kaitikia salamu, taratibu, kama kaingia mtu.

Nimelia, sitaki kusema uongo. Haidar kajifanya anashughulika na waya.

Dakika ya hamsini na mbili nikasimama karibu na kioo nilitazame joho. Jekundu! Jekundu hasa, Ghassan! Mara sauti ya baba, kali kidogo: "Rahila! Hebu toka hapo mbele, mamaangu, sioni."

Nami nikatoka. Wallahi nikaruka pembeni, mwanamke wa miaka arobaini na sita.

Hapo mkanda ukaanza kulia, kiii, Haidar akauzima. Anasema tukiendelea unaweza kukatika. Kampuni ina mashine za kuuponya, lakini lazima wauchukue, labda mwaka mzima, na wao shida yao ni picha. Sauti hawajaiahidi. Sehemu ya paa bado haijafika.

Nikasema basi, upelekwe, nitaandikishana nao. Mama akanishika mkono.

"Pale juu ya paa, yule bwana harusi anamwambia bibiye maneno. Siyo ya filamu yale. Babaako kaniambia mie, watu wote wamo humu, hapana aliyejua."

Maneno gani, mama? Hataki kusema. Kasema wayataka, yasikilize.

Mwaka mzima. Mama ana themanini na moja. Na ukikatika?

Kaenda chumbani, karudi kavaa kanga mpya, ile ya Idi. Kakaa palepale mbele. Ananambia nisogee, namziba. Nimesogea.

Haidar huyo karudi. Anavua viatu nje.