Kanda Yetu Isiyonunuliwa

Jumanne, mjini Ibra, 1984

Joto la leo limeniondolea hata hamu ya kula. Nimechoka, na si kwa kazi.

Laasiri mwenye duka la kanda sokoni amenirudishia boksi la kanda tulizorekodi. Alisema kwa Kiarabu, kwa adabu, kwamba limekaa dirishani miezi minane na jua limeanza kuziharibu kanda. Watu wanataka zile nyimbo zetu za harusi. Hizi za polepole wanasikiliza kidogo, wanauliza lugha gani hii, wanarudisha. Hasa ule wimbo wa mama.

Ule wa mama ni wa Zuwena, binti wa mama yangu mdogo, ninayeimba naye tangu tulipokuja huku kwa Waarabu kutoka Unguja. Harusi za hapa, za mji wa Sur, mpaka Nizwa, wanatutaka sisi wawili: yeye sauti ya juu, mie ya chini. Wimbo ule alimtungia mamake, aliyefariki Unguja, Zuwena mwenyewe akiwa huku. Hakuwahi hata kuliona kaburi.

Na kanda niliitaka mimi. Zuwena alisema wimbo ule ni wa nyumbani, si wa dukani. Nilimbembeleza mwezi mzima.

Nikampelekea boksi kwake. Nilimkuta anachagua mchele. Hakulifungua.

"Wamesema nini juu ya ule wa mama?"

"Hawakusema kitu," nikamjibu.

Akanitazama, akarudi kwenye sinia lake. Kisha akasema, bila ya hasira:

"Shoga, mie siimbi tena. Alkhamisi nenda Sur peke yako."

Nikamkumbusha kwamba bi harusi tumeshamuahidi. Nikamwambia huo ni uchovu tu, utapita. Akanitilia chai, tukazungumza habari za watoto.

Nilimdanganya.

Nilijidai namhurumia. Kweli ni kuwa niliogopa asije akaniambia, "Sikukwambia?" Miaka yote hii tumeimba bega kwa bega, pumzi yangu ikikatika yeye ndiye anayejua kwanza. Atashindwa kuujua uongo wangu?

Kesho asubuhi nitarudi kwake. Harusi ya Sur sitaitaja. Nitamwambia maneno ya mwenye duka yote, kama yalivyo, kisha nimwambie kosa lilikuwa langu. Akitaka kuimba, aimbe. Asipotaka, nitakwenda kuwaomba radhi wenye harusi.

Peke yangu siimbi.