Meno ya Juu ya Mtoto wa Dada

Jumatano jioni, masika

Ni kweli, yameota ya juu kwanza. Nimeyapapasa mwenyewe kwa kidole.

Wazee wa ukoo nimewakuta kwa dada yangu. "Mtoto huyu kigego, akiishi atatumaliza wote. Wewe ndiye mjomba wake. Sema neno, tumtupe porini kabla Mdachi mtawala wa bomani hajasikia na kutufunga."

Dada hakulia. Alinisogezea mtoto.

Mimi niliyemfukuza simba kule Kisaki kwa kofia (walikuwa wawili, ila nasema mmoja ili watu waamini), nilirudi nyuma hatua moja. Nimekwisha zika wanangu wawili. Je, kama wazee wanasema kweli?

Nikasema, "Mimi nimebatizwa. Mtoto ni wa Mungu, na atalala kwangu."

"Haya, shujaa wa simba," mmoja akacheka, "basi akuzike yeye!" Wakaondoka bila kuniaga.

Mke wangu amehamia jikoni na watoto wetu waliobaki. Huyu mdogo yuko kifuani pangu, ananing'ata kidole. Nasali Baba Yetu, nakwama katikati, naanza tena.

Hofu haijatoka. Kidole nacho sijakitoa.