Siku Wadi Iliposhuka na Rahma Yumo Majini

Mpendwa Baba Rahma,

Salamu zangu zikufikie huko uliko kwa njia anayoijua Mola, na Yeye akurehemu. Tangu ututoke sijakuandikia. Kila jambo nilikuwa nakwambia nikija kaburini, kwa sauti ndogo. Hili siwezi kulisema. Basi nimekaa mezani na kalamu.

Ni habari ya mwanao na ile kayaki yako.

Unakumbuka ulivyoileta nyumbani Bawshar juu ya paa la gari, rangi ya chungwa, ndefu haiingii mlangoni? Mamaako, Mungu amrehemu, alitoka nje akaizunguka akauliza, "Hili hori la plastiki la kwendea wapi?" Ukamjibu, "La kwendea nguru, mama." Nguru ulikuja kumpata mmoja tu maisha yako yote. Kolekole ndo walikuwa samaki wako. Ulinionyesha pale wadi inapokutana na bahari, mto ambao mwaka mzima mkavu mpaka inyeshe milimani, lakini mdomoni maji ya bahari yanaingia na kutoka. Ulinambia maji yakianza kupwa dagaa wanatoka nayo, na kolekole wapo nje wanawangoja.

Ulikuwa ukinikalisha mbele, wewe nyuma na kafi. Mara ya kwanza kasi ya maji ilituvuta ikatutoa nje kabisa. Pwani ikawa nyembamba, watu siwaoni tena. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikatika. Nilipogeuka, wewe umeweka kafi mapajani, unanitazama. "Usigombane nayo, Mama Rahma. Ikichoka itatuacha." Ikatuacha kweli, tukarudi kwa kuzunguka mbali. Nikaapa sitopanda tena. Ijumaa ya pili yake nikapanda.

Ulipoondoka nilidhani kayaki nayo imekwisha. Rahma akaiosha, akanunua mishipi mipya, akanambia, "Mama, mie nnakwenda." Wiki nzima yumo ofisini Khuwair, kavaa vizuri, huwezi kudhani. Ijumaa baada ya sala anaifunga juu ya gari, na mie namfuata na birika la kahawa. Nakaa mchangani namtazama. Watu wanadhani nimekwenda kupunga upepo. Kahawa yenyewe siionji.

Siku hiyo jua lilikuwa kali na bahari imelala. Nyuma yetu, juu ya milima, kulikuwa na wingu jeusi. Nilimwambia, "Rahma, huko juu kunanyesha."

"Mbali huko, mama. Nnakwenda kidogo tu, maji yanakupwa saa hizi."

Wewe ungalitazama ile milima mara mbili, ukaizima gari ukasema leo tule samaki wa sokoni. Mie nilimsaidia kuishusha kayaki tu. Kila mara nikisema ananambia, "Khalas, basi mama, una khofu sana," na ni kweli nna khofu, kwa hiyo siku hizi sijui ipi ya kusikilizwa na ipi ya kuachwa.

Alivuka akenda upande wa pili wa mdomo. Nikamwona mshipi umekaza, kayaki inazunguka, samaki mkubwa. Ndo nikasikia mvumo. Nilidhani malori barabarani. Nikageuka, na chini ya daraja la barabara hiyo maji mekundu yanakuja, Baba Rahma, hayaji kama maji, yanakuja kama ukuta unaotembea, yamebeba magogo ya mitende na viti vya plastiki na mtungi wa gesi. Pale tulipo hata tone la mvua halijaanguka.

Nilisimama nikamwita. Nilipunga mikono yote miwili, njoo, njoo huku, njoo kwa mamaako! Aliinua kichwa. Akanitazama, najua alinitazama. Akakata mshipi. Kisha akageuza kayaki, akanipa mgongo, akaanza kupiga kafi kwendea bahari kuu.

Nilidhani kachanganyikiwa. Nikaingia majini na buibui langu. Msichana mmoja aliyekuwa akitembea pwani, mgeni kabisa kwangu, akanikamata kwa nyuma. "Mum, usiingie! Hiyo maji itakubeba!"

"Mwanangu yule! Niache nimfuate mwanangu!"

Alikuwa Mkenya, jina lake Akinyi, anafanya kazi dukani Khuwair ya Kusini na siku ile alikuwa mapumzikoni. Hakuniacha. Tulianguka sote wawili mchangani, yeye kanishika kiuno, anamwomba Mungu kwa namna yake na mie namwomba kwa namna yangu. Maji yalipita mbele yetu yakaingia baharini, na bahari ikabadilika rangi mpaka mbali. Rahma simwoni. Ile rangi ya chungwa siioni. Nikaona gogo, nikasema ndo yeye. Nikaona jengine, nikasema ndo yeye.

Nikampigia Rahma, simu yake haipatikani. Akinyi akawapigia watu wa uokozi kwa simu yake, mie sikuweza hata kusema jina la pwani. Sijui tulikaa muda gani. Nilikuwa nakusemesha wewe. Nilikuwa nakugombeza, nisamehe, kwa nini umenunua kitu kile.

Simu yangu ikalia, namba siijui.

"Mama. Nipo. Nipo pwani."

Nikaanza kulia.

"Mama, unanisikia? Nimezunguka nje ya maji machafu, nimetokea mbali huku, kuna vijana wanacheza mpira, wamenipa simu. Yangu imeroa. Samaki kenda zake."

Akinyi akaichukua simu mkononi mwangu, akamwambia, "Mamako ako sawa, analia tu."

Nilipomfikia alikuwa kakaa juu ya kayaki, kajifunga taulo la mtu. Tukaifunga kayaki, tukaingia garini. Ndo akanambia, "Ulivyonipungia niende nje, ndo nikapata akili. Mie nilitaka kukata nije kwako. Ningelikutana na yale magogo katikati."

Baba Rahma, ningaliweza kunyamaza. Lakini nilimwambia, "Mie sikukwambia uende nje. Nilikuwa nakwita uje."

Akanigeukia. Kisha akasema polepole, "Alhamdulillahi sikukufahamu." Akaweka kichwa begani kwangu akalia kama alivyokuwa akilia mdogo, na mie nikaendesha mpaka Bawshar kwa mkono mmoja.

Tangu hapo usingizi wangu mwepesi. Asubuhi napanda juu ya paa la nyumba kutazama milima hata siku tusiyokwenda pwani. Dadaako ananambia niiuze kayaki, na watu wawili wameshaiulizia. Yeye Rahma hakuigusa kwa muda, nami nikaanza kutulia. Juzi nikamkuta uani anaisugua matope. Akauliza bila ya kuinua uso, "Mama, Ijumaa tutakwenda?"

Kasema tutakwenda. Hakusema nnakwenda.

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikakumbuka mikono yangu siku ile, ilivyokuwa na hakika, na ilivyokuwa ikimwita kwenye kifo. Nikamwambia, "Kwanza tutazame mawingu. Na unifundishe ishara, nijue mkono upi una maana gani." Akacheka, akanipungia pale pale uani kunifundisha, povu la sabuni linamtiririka mpaka viwikoni.

Khofu haijanitoka, na sidhani kama itanitoka. Nimekuandikia wewe ili nikiisha hapa nikamtengenezee chai na uso mkavu. Wewe uliniona na khofu yangu yote ukacheka ukanipenda. Yeye bado mdogo, asibebe yangu na yake.

Lala salama, bwana wangu. Tuombee kama tunavyokuombea.

Mkeo,
Mama Rahma