Bakia Kwa Ng'

Tata Ruti, mupenzi wangu,

Unakumbuka répétition yangu ya kwanza ya kuimba, pale Kapata? Wewe ulikuwa maître wa korali. Mi nilikuwa naimba na koo mpaka mishipa inasimama. Ukasimamisha batu bote.

"Mama, uko naimba ao uko nafukuza mbuzi?"

Wakacheka mpaka nikataka kurudi nyumbani. Halafu ukanifundisha polepole: "Sema ng'ombe, lakini ng'ombe asitoke. Bakia kwa ng'." Nikafunga kinywa. Ng'. Ikatetemeka katika pua, ikapanda nyuma ya macho, na sauti ikawa ya kichwa, nyembamba, bila kujikaza hata kidogo. Tangu hapo bakaniita Mama Ng'ombe. Na wewe ukaoa ng'ombe wako.

Ulisema ile masomo uliitoa kwa shimo munamochimba madini, huko Mashamba. "Chini hatupige kelele. Kelele inaangusha udongo, na vumbi inaingia kwa kinywa. Pua njo telefone yetu." Nilicheka. Sasa sicheki.

Mvua ya juzi ilifunga shimo lenu, wenzako walitoka, wewe hapana. Shefu wa shimo anasema labda ulitoka kabla ya mvua, labda uko Dilolo na mwanamuke wa Angola. Anasema bila kuniangalia. Lakini viatu vyako viko pale pale ulipoviacha, na udongo kando yao unaendelea kushuka, kidogo kidogo, kama mutu anayemeza.

"Mama, hapa hakuna mutu tena. Kesho masini inakuja kuziba shimo," akaniambia. " Enda ulee mutoto."

Sikuenda. Nililala chini na mutoto wetu Ruti mugongoni, nikaweka midomo kwa ule mupira uliokuwa unawapelekea hewa. Ng'. Juu kabisa, kwa kichwa, kama ulivyonifundisha. Ruti akaacha kulia. Halafu mupira ukatetemeka kwa shavu langu.

"Ni sauti yako inarudi," shefu akasema.

Tata Ruti, mi sikusoma sana, lakini soprano naijua. Nilituma ya juu. Iliyorudi ilikuwa basi, ile sauti nzito ya wanaume.

Kesho nitakaa na mutoto mbele ya masini. Korali yote inakuja, na mapiki na mabeshi ya kuchimba. Wewe bakia kwa ng'. Udongo utakubembeleza ulie, useme jina langu, usikubali. Ulizoea kutuambia: "Mutu asifungue kinywa mpaka ninyanyue mukono."

Kesho, mi njo nitanyanyua.

Ni mi, mama wa Ruti,
ng'ombe wako