Cheti cha Kifo cha Mtu Asiyezaliwa

S.L.P. 41,
Tarime, Mara.
14 Agosti 1993

Mpendwa mwana wa kaka yangu, Nelson,

Marahaba, baba. Shikamoo zako zimefika zote, ya kwangu nimeipokea hapa mjini, na ya bibi yako nimempelekea mwenyewe hadi Nyamwaga. Hujambo lakini? Baridi ya Denmark imekuachia masikio? Unakula kitu kinachoshika tumbo, au bado ni mikate mikavu na samaki mbichi kama ulivyotuandikia?

Sisi huku hatujambo. Bibi yako Robi miguu imegoma na macho yamefifia, ila mdomo uko vilevile. Mama yako Wankuru ni mzima, mwaka huu mvua haikumtupa, wimbi amevuna hadi akakosa pa kuanika. Mume wangu Simioni amerudi juzi kutoka Dar es Salaam na mafua ya treni, na anataka nikuandikie kwamba mafua hayo ni yako.

Sasa usianze kuruka mistari ukitafuta habari ya karatasi. Karatasi zimekwisha, zimo humu humu ndani ya bahasha, zina mihuri mingi kuliko barua ya serikali. Ulisema niandike kwa urefu ili umsomee mchumba wako Inge, ajue anaolewa katika nyumba ya namna gani. Basi mwambie akae chini.

Cheti chako cha kuzaliwa hakikutusumbua. Karani wa wilaya ni mtu wa hapa hapa, akaandika jina la baba: Nyamhanga Mwikwabe, kama lilivyoandikwa shuleni na kanisani. Simioni akakipeleka Dar, kwa msajili mkuu, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozini, wakagonga mihuri, kikakufikia. Tukashukuru Mungu tukalala.

Ndipo ikaja barua yako kwamba ofisi ya ndoa ya huko inataka na habari za baba. Kama yuko hai, vyeti vyake. Kama amekufa, cheti cha kifo. Ukaniandikia kwa mwandiko wako mzuri, "Shangazi, nitafutie cheti cha kifo cha baba."

Na mimi, Nelson, nikaenda! Nilivaa kitenge changu cha kanisani nikaenda ofisini kuomba cheti cha kifo cha kaka yangu Nyamhanga. Karani akashika kalamu, akauliza alifariki lini. Nikamwangalia, naye akaniangalia, mara akaanza kucheka, nami nikacheka mpaka nikashika meza. Mtu atakufaje kabla hajazaliwa? Miaka yote nimekuwa wifi wa mama yako, nimemwita Nyamhanga kaka, nimeapa kwa jina lake, nikasahau kabisa kwamba sijapata kumwona.

Mwambie Inge hivi. Mama yangu Robi alinizaa mimi peke yangu, na baba yangu Mwikwabe akafariki ningali mtoto. Kwetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume huzimika. Ndugu wa marehemu walishaanza kupima shamba la mama kwa macho, wakija kusalimia jicho liko kwenye mipaka. Watu wa Simioni walipoleta ng'ombe za mahari yangu, mama hakuzila. Alizitoa zote kwa kina Wankuru, akamwoa Wankuru awe mke wa mwanawe ambaye hakumzaa. Mwana huyo akampa jina, Nyamhanga. Hiyo ndiyo ndoa tunayoiita nyumba ntobhu, na ndiyo iliyokuzaa wewe.

Namkumbuka Wankuru siku aliyoletwa. Msichana mwembamba, mabega yanang'aa kwa samli, anatazama vidole vya miguu yake. Nilirudi nyumbani kumpokea mke wa kaka yangu, na niliringa kama mawifi wote wanavyoringa. Nilimtuma maji mtoni mara mbili bila sababu, nikasema ugali wake una mabonge. Wifi ni wifi, hata kama kaka hayupo.

Mama akamjengea nyumba pale uani, ikaitwa kwa Nyamhanga. Watu wakipita njiani waliuliza, "Kwa Nyamhanga hamjambo?" na sisi tukaitikia hatujambo. Nayakumbuka majani mapya ya paa lile, na harufu ya samadi aliyosiriba Wankuru kwa mikono yake, na kibuyu cha maziwa mgando kikining'inia karibu na mlango. Siku hizi napita Nyamwaga naona bati kila mahali, ni nzuri, hazivuji, lakini hazinukii kitu. Nyumba zile nazitamani, Nelson.

Ulipozaliwa, mama yangu alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, akawa anazungumza kwa mikono. Wale ndugu wa Mwikwabe walikuja kukutazama, wakakufunua nguo kuhakikisha, wakarudi kwao kimya. Tangu siku ile hakuna aliyepima shamba. Mimi nilikubeba mgongoni kwenda nawe hadi kisimani, na ulinikojolea, jambo ambalo Inge anastahili kulijua.

Na Nashoni je? Najua umemwambia Inge habari zake, kwa hiyo sitajifanya kipofu. Nashoni alikuwa kijana wa jirani, mtu wa tabia njema, mama alimkubali aje kwa Wankuru, naye alikuja kwa heshima. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Baadaye akaoa, akawa na mji wake. Akikukuta njiani unachunga alikusalimu kama alivyowasalimu watoto wengine, labda alisimama kidogo zaidi. Kwetu aliyezaa hana dai. Waswahili nao wanasema kitanda hakizai haramu, na mama yako kitanda chake kilikuwa cha Nyamhanga.

Sasa nifike mahali uliponiudhi. Ulipoona cheti cha kifo hakipatikani, uliandika, "Basi shangazi, andikeni jina la Nashoni, kila mtu anajua, mambo yaishe." Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni! Nilikuwa namsomea bibi yako barua hiyo pale mlangoni, nikiisoma mbio mbio kama kawaida yangu, na mstari ule ukanitoka kabla sijaumeza.

Mimi nikaanza kueleza kwamba kuna njia nyingine, kwamba mtu mmoja mjini ameniambia cheti cha kifo kinaweza kutengenezwa, tarehe unachagua mwenyewe. Hapo bibi yako akaniinulia mkono. Akasema hatamzushia mwanawe kifo. Halafu akasema taratibu, "Nyamhanga amenisaidia vya kutosha. Apumzike. Andikeni Nashoni, mtoto aoe."

Akaingia ndani akalala na jua bado liko juu. Wankuru alimpelekea chakula, kikarudi kilivyokwenda, na kesho yake vilevile. Mama yako hakunilaumu, alikuwa anapepeta wimbi wake, machozi yanaanguka ndani ya ungo na yeye anaendelea kupepeta. Nikakukasirikia, nakuambia ukweli. Wewe huko ulikuwa unaona jina kwenye karatasi. Mimi niliona mama yangu anarudishwa kuwa yule mjane aliyekuwa anapimiwa shamba.

Lakini alikuwa amesema andikeni, na neno lake ni neno. Nikaenda Nyamongo kumtafuta Nashoni, maana naye ameacha ng'ombe zake akafuata dhahabu kama wenzake wote.

Hutaijua Nyamongo. Vile vilima tulivyookotea kuni, ambako ukipiga kelele ulijibiwa na nyani tu, sasa vina matundu kama chujio. Maturubai, redio, wauza chapati, vijana kutoka Geita na Kahama, wengine wamevuka Sirari kutoka Kenya na Kiswahili chao cha kule. Wanawake wamekaa chini wanagonga mawe kwa nyundo, vumbi limewafanya wote umri mmoja. Mto wetu wanaoshea mchanga wa dhahabu, umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilisimama nikatafuta ule mwamba tuliokuwa tunaanikia nguo nikiwa msichana, nikaambiwa ulishapasuliwa ukasagwa. Walipata kitu ndani yake? Hawakupata kitu.

Nashoni nilimkuta kwenye mdomo wa duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao, anavuta kamba ya ndoo. Amezeeka, ndevu zimeingia mvi na vumbi, huwezi kujua kipi ni kipi. Akanitania kama nimekuja kununua dhahabu. Nikamweleza yote. Kwamba ukitaka kuoa unahitaji baba aliye hai au aliyekufa, na kwamba akikubali kusaini yeye, kazi imekwisha siku hiyo hiyo.

Aliosha mikono kwanza. Akakaa juu ya jiwe, akauliza kama mama amekubali. Nikasema amekubali.

"Amekubali, au amechoka?"

Tukakaa pale, wenzake wanaita ndoo na yeye hawasikii. Mwisho akasema, "Dada Vero, mimi katika nyumba ile nilikuwa mgeni. Nililishwa vizuri na niliheshimiwa. Mgeni akishiba haondoki na chungu." Akachukua shati lake juu ya kichaka akalikung'uta, akasema twende kwa hakimu akatoe ushahidi, lakini si kusaini kwamba yeye ndiye baba.

Hakimu wetu wa sasa ni mtu wa Songea, kijana mpole, na mambo haya alikuwa hajayasikia. Tukamweleza, akatuambia tuape ukweli kama ulivyo na yeye ataandika hati ya kiapo. Tulimpandisha bibi yako ngazi za mahakama, mimi mkono huu, Wankuru mkono ule. Hakimu akamuuliza, bibi, wewe ni nani kwa huyu Nelson? Mama akajibu, "Mimi ndiye niliyetoa ng'ombe." Hakimu akasubiri aendelee. Hakuendelea. Alikuwa amemaliza.

Wankuru akaapa kwamba aliolewa na nyumba ya Robi kwa ajili ya Nyamhanga, na kwamba hana mume mwingine. Kisha akaitwa Nashoni kama shahidi, na hakimu, kwa kuwa ni kazi yake, akamuuliza kama anadai lolote juu ya Nelson. Nashoni alikuwa amesimama wima na shati lake lile la machimboni. Akasema, "Mheshimiwa, kwa mila yetu mimi sina mtoto katika nyumba hiyo. Mtoto ni wa Nyamhanga." Alisema wazi, bila kukohoa. Akasaini. Mama akaweka dole gumba.

Hati ikasema yote: kwamba Nyamhanga ni baba kwa mila, kwamba hakuzaliwa na hakufa, na kwamba mtoto ni wa nyumba yake. Simioni akaibeba hadi Dar. Alikuwa anaogopa watamcheka wizarani, lakini mzee aliyempokea akamwelewesha jambo ambalo mimi sikulijua. Muhuri wao hausemi kwamba maneno ya ndani ni kweli au ni uongo. Unasema tu kwamba hakimu aliyesaini ni hakimu kweli, na saini ni yake. Ya ndani ni ya wenyewe walioapa. Ubalozini mama mmoja wa Kizungu akaisoma, akaisoma tena, akamuuliza Simioni kama bibi huyo bado yuko hai. Simioni akasema yuko hai na ni mama mkwe wake. Yule mama akatabasamu, akagonga.

Kwa hiyo ukienda kwenye ofisi yenu ya ndoa, usiinamishe kichwa. Wakikuuliza baba yako yuko wapi, wape karatasi hii wasome. Bibi yako sasa anakula, na juzi amemgombeza Wankuru kwa ajili ya chumvi, ndipo nikajua amepona.

Anakusalimu sana, na anamwambia Inge kwamba mlango wa kwa Nyamhanga ni mfupi, ainame anapoingia. Mama yako anakusalimu, amekufungia wimbi kidogo na hajui nitalitumaje. Simioni anakusalimu pamoja na mafua yake. Mpe Inge salamu zangu, mwambie ana wifi mkali anamngoja, ingawa ni shangazi.

Limebaki jambo moja. Tulipotoka mahakamani bibi yako alimshika Nashoni mkono kwa mikono yake yote miwili, kisha akamwachia. Nikamsindikiza Nashoni hadi penye lori la Nyamongo. Njiani hakuuliza habari zako, na mimi sikumwambia, maana ndivyo ilivyo. Ila alipokuwa anapanda aliniuliza kama Wazungu kwenye harusi wanapiga picha. Nikamwambia wale wanapiga picha hata paka. Akaitikia kwa kichwa, akakaa na wenzake, lori likaondoka.

Basi, mwanangu, ukituma picha za harusi, tuma mbili. Moja nitaipeleka Nyamwaga kwa bibi yako. Ya pili niachie mimi, na usiniulize naipeleka wapi.

Mungu aliyekupa nyumba ya kutokea akupe na ya kuingia.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye,
Veronika