Bunduki ya Ukaliq

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo: Tasilik, Nunavut
Jina: Aalasi Qaunnaq
Umri: miaka 74
Kazi: kushona viatu vya ngozi ya sili
Makazi: nyumba ya buluu nyuma ya kanisa

Nimeitwa kueleza juu ya bunduki ya marehemu mume wangu Ukaliq, ile Enfildi ya vita vya pili vya dunia, ambayo shemeji yangu Simiuni anadai kaibiwa. Afande, andika ninavyosema, usinipambie.

Mnamo tarehe 3 Mei, asubuhi, nilikuwa juu ya barafu ya ziwa, navua samaki kwenye tundu langu. Ukungu ukashuka. Mbingu na barafu vikawa kitu kimoja, nikawa kama nimekaa ndani ya maziwa. Nikasinzia. Nikasikia pumzi nyuma yangu, nikajua ni dubu, na bado nikadhani naota.

Kisha ukungu ukatoa mtu, anatembea bega moja chini kama mume wangu. Nikasikia bunduki ile ikikokiwa. Sauti hiyo naijua hata usingizini. Ikalia mara moja, juu. Dubu akaenda zake bila haraka.

Nikasema, "Mume wangu, umechelewa."

Akajibu, "Ala! Unasinzia mbele ya dubu, halafu unanilaumu? Inuka, mke wangu, mzito kama nyangumi!"

Alikuwa Ukaliq, binti wa jirani, huyu mliyemfungia humo ndani. Alizaliwa mwezi mmoja baada ya mume wangu kuzama, nikampa jina lake. Kwetu aliyepewa jina la marehemu ndiye marehemu mwenyewe. Tangu anatambaa namwita mume wangu. Simiuni peke yake hataki. Husema, "Kaka yangu hakusuka nywele."

Binti aliniambia bunduki yake mpya iliganda kwa baridi, akaingia nyumba iliyokuwa karibu, ya Simiuni, akaitwaa ile ya ukutani. Hakubisha hodi. Hapa nani hubisha? Simiuni huipaka mafuta kila Jumapili, na haruhusu mtu kuigusa. Namwelewa, ndicho alichobaki nacho cha kaka yake. Lakini nimemkasirikia, afande, sana.

Bunduki haikuibwa. Mwenyewe aliichukua. Mkimpeleka kortini, mtanifanya mjane mara ya pili.

Haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, nami nayakiri.

Sahihi: A. Qaunnaq

Yameandikwa nami, Koplo D. Marchand. Jioni mlalamikaji Simiuni alifika, akaomba asomewe maelezo haya. Kisha akaenda kwenye mlango wa mahabusu, akasema: "Kaka, inuka twende. Bunduki yako inataka mafuta." Lalamiko limeondolewa.