Moyo Wangu Umetiwa Mlango Mpya, Baba Neema

Mpendwa mume wangu, Baba Neema,

Hali yako siiulizi, najua uko mahali ambapo watu hawaumwi. Yangu ndiyo nakuletea: mimi ni mzima. Leo asubuhi nimepanda kutoka barabarani mpaka nyumbani kwa miguu yangu, na nilipofika mlangoni bado nilikuwa na pumzi ya kumgombeza mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye karoti.

Hapa Magamba kila mtu anasimulia habari zangu kivyake. Wengine wanasema nilitolewa moyo ukawekwa kwenye beseni. Bora uisikie kutoka kwangu.

Unakumbuka ulivyonifundisha pikipiki? Ilikuwa Julai, baridi ile ya kukaza vidole, ukungu umeufunika msitu wote. Wenzako walikucheka, mke wa mtu na pikipiki wapi na wapi. Ukawaambia, "Siku nikiwa sipo, nani atapeleka maziwa Lushoto?" Nikaingia nayo moja kwa moja kwenye kabichi za mdogo wako Danieli. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye tope. Halafu ukaninyanyua, ukanipangusa magoti, ukasema, "Haya, washa tena." Hukunipa hata nafasi ya kulia.

Na siku yako ya mwisho naikumbuka yote. Ulirudi kutoka kukata majani ya ng'ombe ukiwa umeshika kifua, jasho linakutiririka na huku kuna baridi. Nikasema twende hospitali. Ukasema, "Ngoja nipumzike kidogo, itapita." Ukajilaza kwenye benchi la nje, nikakufunika shuka. Haikupita. Watu wakasema ni presha, wengine wakasema mambo ambayo siyarudii hapa. Sikulaumu, mume wangu. Hakuna aliyekuwa ametufundisha. Lakini lile jasho lako sikulisahau.

Basi mwaka jana, plamu zikiwa zimeiva, nilikuwa shambani nachuma na jirani yetu Mama Elia. Kwanza nilihisi kama kiungulia. Halafu ikawa kama mtu amenikalia kifuani, maumivu yakapanda mpaka kwenye taya, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Nikajigusa shingoni, nimelowa.

"Kaa kivulini upumzike, dada," Mama Elia akaniambia. "Hilo ni jua tu."

"Jua gani la huku Magamba?" nikamjibu. "Baba Neema alipumzika. Mimi sipumziki. Niitie gari."

Hospitalini Lushoto wakanipima, wakanipa dawa, wakasema ni shambulio la moyo. Siku hiyo hiyo gari la wagonjwa likashuka nami kona za Soni, tukaiacha Mombo, tukaelekea Dar es Salaam. Huko walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni, wakauzibua mshipa ulioziba. Nikarudi nyumbani namshukuru Mungu, nikijua yameisha.

Hayakuisha. Baada ya wiki chache nikaanza kukosa pumzi. Kutoka jikoni kwenda zizini, nasimama njiani. Miguu ikavimba, viatu vya kanisani vikanikataa. Kulala chali siwezi, naegemea mito kama mtu aliye safarini. Kwaya nikaiacha, maana ubeti ulikuwa unanishinda katikati. Neema akaja kutoka Korogwe anakofundisha, akaniona, hata mkoba hakuutua. "Mama," akasema, "tunarudi Dar."

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko Neema wetu. Akanipa shikamoo, akanionyesha moyo wangu mwenyewe ukicheza kwenye skrini.

"Moyo una milango, mama," akasema. "Inafunguka damu ipite, kisha inajifunga damu isirudi. Lile shambulio liliharibu msuli unaoushikilia mlango huu wa kushoto. Sasa haufungi vizuri. Damu inarudi nyuma, inajaa kwenye mapafu. Ndiyo maana unakosa pumzi."

"Hakuna dawa?"

"Dawa zitapunguza uvimbe. Mlango hazitautengeneza. Inabidi tufungue kifua, tuweke mwingine."

"Na nisipokubali?"

Hakuzungusha maneno. "Utazidi kuchoka, mama. Hutafika mbali."

"Na nikikubali?"

"Hatari ipo, siwezi kukuficha. Moyo wako umeshaumia. Lakini ungekuwa mama yangu mzazi, ningekuomba ukubali."

Akanieleza kwamba ipo milango ya aina mbili. Wa chuma unadumu sana, ila ukiwekewa unakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yako yote, na damu inapimwa kila mara. Mwingine hauna masharti makali hivyo, ila baada ya miaka unaweza kuchakaa. Huo unatengenezwa kwa utando unaozunguka moyo wa ng'ombe.

"Wa ng'ombe?" nikauliza. "Ng'ombe huyu huyu?"

"Huyu huyu, mama."

Nikacheka, Baba Neema. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilimkumbuka Malkia wetu, tulivyokesha naye zizini akizaa pacha, wewe umevua koti umewafunika ndama. Nikamwambia daktari, "Maisha yangu yote nimewalisha. Niwekee huo huo."

Kwa umri wangu na umbali wa kwetu, na yeye akaona huo ndio unanifaa.

Nyumbani, hata hivyo, haikuwa kicheko. Danieli alipanda basi akaja mpaka wodini. Akakaa pembeni ya kitanda, kofia mkononi.

"Shemeji," akasema, "mtu akishafunguliwa kifua harudi yule yule. Twende nyumbani tukuombee. Nimemzika kaka, sina nguvu ya kukuzika na wewe."

Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Najua anavyonipenda. Nikamshika mkono.

"Shemeji Danieli, kaka yako tulimwombea akiwa wapi?"

Akasema, "Kwenye benchi."

"Basi mimi niombeeni nikiwa kwenye meza ya daktari. Mungu anafika hata huko."

Akaangalia chini, akaizungusha ile kofia. Kisha akasema, "Ng'ombe nitakamua mimi." Nikajua amekubali.

Siogopi kukuambia kwamba niliogopa. Waliponisukuma kwenye kile kitanda cha magurudumu, mikono yangu ilikuwa ya baridi kama asubuhi za kwetu. Ndipo nikakusikia vile vile ulivyosema siku ile ya kabichi: "Haya, washa tena." Nikafumba macho.

Waliusimamisha moyo wangu, mashine ikasukuma damu badala yake, wakauondoa mlango ulioharibika, wakashona mpya. Mimi nilizinduka nina mrija mdomoni na kiu ambayo sijawahi kuiona, na mkono wa Neema umeshika wangu. Kukohoa ndiko kulikoniliza. Walinifundisha kukumbatia mto kila kikohozi kikinijia, nami nikaukumbatia kama mtoto. Kuna siku mapigo ya moyo yalipoteza mwendo, wakanizunguka, Neema akatolewa nje. Dawa zikayarudisha. Baada ya hapo kila siku ilikuwa bora kuliko jana yake.

Sasa kovu limeshuka katikati ya kifua, limenyooka kama tuta la karoti. Silifichi. Dawa nameza, kliniki naenda, chumvi nimepunguza, na kwaya nimerudi. Jumapili niliyorudi niliufikisha ubeti mpaka mwisho, nikasikia sauti yangu mwenyewe juu ya paa la kanisa. Mchungaji aliponipa nafasi ya kushukuru, niliwageukia wanaume. Nikawaambia: kifua kikikubana na jasho likakutoka, usitafute benchi, tafuta gari.

Sikujua nani alikuwa ananisikiliza. Wiki iliyofuata Danieli alikuja kabla ya kukamua, akasimama mlangoni, akasita.

"Shemeji, nikipanda mlima siku hizi kifua kinabana. Nikisimama, kinaachia. Sijamwambia mtu."

Nikavaa koti. Tulishuka wote Lushoto asubuhi ile ile, na baadaye mimi nikampeleka Dar, mimi sasa nikiwa mwenyeji wa zile korido. Walikuta mshipa umeanza kuziba, ila moyo wenyewe haujaumia. Wameuzibua. Mdogo wako yupo, Baba Neema. Jana alikuwa anagombana na wajukuu zake kuhusu mahindi ya kuchoma.

Nina la mwisho. Tangu ulipoondoka, kila nilipopalilia kaburi lako nilikuwa nakuambia nakuja karibuni. Hilo nalifuta. Bado nakupenda kama zamani, na kukukumbuka sitaacha, lakini huku nina kazi, na nina pumzi ya kuifanya. Usinisubiri mapema. Nikija, nitakuja nimeshiba siku zangu.

Mkeo,
Mama Neema